Mama Klara Limi Bujiku: Aliyefua Fedha Katika Nchi ya Dhahabu (1957–2025)

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Katoro, na ninyi ndugu mliosafiri kutoka Segese na Shinyanga mjini, familia inawasalimu na kuwashukuru. Anayewasomea ni Rhoda, mtoto wa pili wa marehemu. Ndugu zangu wameniomba nijitahidi nisilie. Mama mwenyewe angeniomba nisirefushe maneno, maana wapishi wameshaanza kuchungulia.

Mama yetu mpendwa, Klara Limi Bujiku, alizaliwa Segese tarehe 14 Agosti 1957, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Bujiku Ndaki na Mama Mageni. Bibi yetu Mageni alikuwa shambani akichuma pamba uchungu ulipomshika, na mtoto akazaliwa saa sita mchana, jua likiwa utosini. Ndiyo sababu akaitwa Limi, kwa Kisukuma maana yake jua. Jina la Klara alilipata kwa ubatizo, Krismasi ya mwaka huohuo. Babu yetu alikuwa mfugaji na mkulima, mtu wa maneno machache, na inasemekana siku ile alimtazama mtoto akasema tu kwamba ana vidole virefu.

Vidole hivyo vilimponza mapema. Alianza darasa la kwanza Segese mwaka 1966, akamaliza la saba mwaka 1972. Alikuwa mzuri wa hesabu, lakini muda mwingi alikuwa akiokota nyaya za redio mbovu na kuzisokota kuwa pete, kisha anawavisha wasichana wenzake chini ya dawati. Siku moja mwalimu alizikusanya zote kiganjani na kutangaza mbele ya darasa kwamba amezitaifisha. Mama alipenda kumalizia hadithi hii kwa kusema kwamba mwisho wa muhula alimwona mke wa mwalimu dukani, na mojawapo ya zile pete ilikuwa kidoleni mwake. Alimwamkia shikamoo kwa adabu zote, akaenda zake akiwa na furaha kuliko siku aliyopata ripoti.

Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Mwaka 1973 alipelekwa Shinyanga mjini, mtaa wa Kambarage, akaishi na shangazi yake Salome, aliyekuwa akiuza chai na vitumbua mbele ya duka la sonara. Sonara mwenyewe alikuwa Mzee Masudi, ambaye ukoo wake ulitoka Tabora na ulikuwa ukifua vito tangu enzi za rupia ya Mjerumani. Kazi ya Mama ilikuwa kumpelekea chai. Akishaiweka mezani alikuwa haondoki. Anasimama akitazama rupia za zamani zikilainika kwenye kalibu, zinakuwa maji, zinamwagwa, zinagongwa, na kufika jioni zimekuwa bangili. Shangazi Salome alimwita mpaka sauti ikamkauka.

Siku moja Mzee Masudi alihangaika kuunganisha kikulabu kidogo cha mkufu, macho yakamkatalia. Mama aliomba ajaribu. Alikiunganisha, akakirudisha mezani, akachukua kikombe cha chai kilichokwisha na kutoka nje. Kesho yake Mzee Masudi alimwambia Shangazi kwamba atamtafuta mtu mwingine wa kumletea chai, huyu anamhitaji ndani.

Habari zilipofika Segese, Babu Bujiku alipanda basi. Alikuwa ameshapata posa nzuri ya ng'ombe kwa ajili ya binti yake, na sasa anasikia binti huyo anashinda motoni na nyundo mkononi katika duka la mwanamume. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akamwuliza Mzee Masudi mwanamke ataolewa na nani akiwa na malengelenge mikononi.

Mzee Masudi hakubishana naye. Alimjibu, "Ndugu yangu Bujiku, nimefundisha wanaume wengi, wengine wa damu yangu. Mkono wa binti yako hautetemeki. Wangu ulitetemeka miaka miwili ya mwanzo. Ukimchukua nitamruhusu, ila nitakuwa nimepata hasara ambayo wewe hutaijua."

Babu aliomba kulala palepale mjini ili afikiri. Asubuhi Mama akamkabidhi kifurushi cha kumpelekea mama yake, bangili mbili za fedha, kazi yake ya kwanza aliyoifanya peke yake toka mwanzo hadi mwisho. Babu alizigeuzageuza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini sana, "Na mimi?" Alibaki mjini siku nyingine moja, na aliporudi Segese fimbo yake ya kuchungia ilikuwa imevishwa pete ya fedha shingoni. Wazee wenzake walikuja kuiona. Habari ya posa haikusikika tena, na Bibi Mageni hakuzivua bangili zile hata wakati wa kupalilia.

Mama alifanya kazi na Mzee Masudi kwa zaidi ya miaka ishirini. Alisema daima kwamba alilelewa na baba wawili, mmoja wa Jumapili na mmoja wa Ijumaa.

Sasa nifike kwa Baba yetu, aliyekaa pale mbele na ambaye amenikataza nisisimulie sehemu hii. Mwaka 1978 fundi wa pampu za maji aitwaye Ignas Maige, Msumbwa wa Ushirombo, aliingia dukani kuagiza pete ya mchumba. Alipoulizwa kipimo, alionyesha kwa kidole chake kidogo. Pete ikatengenezwa. Baada ya wiki akairudisha, akisema inabana. Ikapanuliwa. Akairudisha tena, sasa inapwaya. Aliporudi kwa mara nyingine Mama aliweka tupa chini akamwuliza, "Kaka Ignas, huyo mchumba wako ananenepa na kukonda kila wiki, au kuna jambo?" Baba alikiri kwamba mchumba hayupo. Akaulizwa pete basi ni ya nani. Akasema kama haimkai yeye anayeitengeneza, basi hajui. Walifunga ndoa takatifu Shinyanga mjini tarehe 24 Novemba 1979, na pete ile ndiyo iliyotumika, baada ya kurekebishwa tena. Mungu aliwajalia watoto watatu: Pantaleo, mimi Rhoda, na Benjamini.

Mwaka 1994 Mzee Masudi aliifunga karakana kwa sababu ya uzee, akamwachia Mama fuawe la kugongea na mvukuto wa kupulizia moto. Wakati huohuo Baba alipata kazi ya kuvuta maji kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wa dhahabu huku Geita, na familia ikahamia Katoro. Mama akafungua kibanda karibu na soko, akaandika ubaoni kwa rangi nyekundu: FUNDI WA FEDHA. Mnajua Katoro. Mteja wa kwanza aliomba mkopo. Wa pili alitaka kujua kama inazaa maradufu usiku mmoja au mpaka wiki. Mama akamjibu, "Hapa fedha tunaiyeyusha, baba, hatuizalishi." Ilibidi achore bangili chini ya yale maandishi.

Kila mtu hapa alitaka dhahabu, naye aliifua, maana karo zilihitajika. Lakini akishafunga oda za dhahabu, alirudi kwenye fedha yake kama mtu anayerudi nyumbani kuvua viatu. Watu walimcheka kwa upole. Wanunuzi wa dhahabu walimwambia anapoteza macho yake kwa madini ya pili. Aliwajibu kwamba dhahabu inawalisha watoto wake, fedha inamlisha yeye.

Nitasimulia sasa jambo lililotokea mwaka 2015, kwa sababu wengi wenu mmelisikia nusunusu. Mgodi mkubwa wa jirani na Segese ulikuwa na fundi wa mitambo ya kuchoronga miamba, Bwana Idir, kutoka mji wa Tiznit, kusini mwa Moroko. Ni Mwamazighi, watu ambao wengine huwaita Waberberi, na huko kwao kufua fedha ni kazi inayoheshimiwa sana. Siku moja gulioni Segese alimwona Bibi Mageni akinunua dagaa na bangili zake mkononi. Alimwamkia, akamwuliza kwa Kiswahili alichojifunza kambini ni nani aliyezitengeneza. Bibi alimwambia ni mwanangu, yuko Katoro, nenda kamwone na umwambie hajaja kunisalimia.

Bwana Idir alikuja na kitambaa alichokifungua juu ya meza taratibu. Ndani yake mlikuwa na jozi ya mabizimu makubwa ya fedha ya umbo la pembetatu, yameunganishwa kwa mnyororo. Kwao wanayaita tizerzai, na wanawake huyatumia kubania nguo mabegani. Yalikuwa ya mama yake, Bibi Fadma, aliyevalishwa nayo siku ya harusi yake. Pini ya moja ilikuwa imekatika. Mama yake alimpa ayapeleke kwa fundi palepale Tiznit, naye akayasahau mkobani, akavuka nayo Afrika nzima. Sasa binti wa Bwana Idir alikuwa anaolewa Aprili ya mwaka uliofuata, na bibi anauliza mabizimu yake yako wapi.

Mama hakuwahi kuona kazi ya namna ile. Aliniita nije nitazame nakshi, zile duara ndogo na mistari, akasema aliyezichora hakuwa na haraka na mtu. Akaahidi kubandika pini mpya, jambo ambalo alikuwa amelifanya mara nyingi. Aliliweka bizimu motoni. Fedha ilipoanza kuwa nyekundu, kona nzima ya bamba ikanywea na kutoboka, ikaanguka kama samli. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikivuta mvukuto.

Alipopoza na kukwangua, aliona sababu. Nyuma ya bamba, chini ya masizi ya miaka mingi, mtu alikuwa ameziba ufa kwa risasi, ile metali laini ya kijivu. Risasi ikipata moto mkali huila fedha. Alipaswa kukwangua kabla, naye alijua.

Baba alishauri, kwa kumhurumia, atengeneze lingine linalofanana na kukaa kimya, mwenye mali hatajua. Mama akasema, "Ignas, hiki kitu kina mwenyewe, na mwenyewe ana macho." Kesho yake tulipanda gari kwenda Segese, bizimu likiwa ndani ya hotipoti, limezungushiwa khanga.

Tulimkuta Bwana Idir nyumbani alikopanga. Mama hakuanza na habari za safari. Alimfungulia hotipoti, akamwambia, "Nimeliharibu. Nilipaswa kutazama nyuma, sikutazama." Bwana Idir alilishika lile bamba, akakaa nalo. Alisimama, akaenda mlangoni, akarudi. Mwishowe akampigia mama yake simu ya picha, akamwonyesha kona iliyoyeyuka.

Bibi Fadma alisogeza uso mpaka ukajaa kwenye kioo. Akauliza jambo. Mwanawe akageuza bizimu, akamwonyesha ile risasi nyuma. Yule bibi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Bwana Idir naye akaanza kutabasamu bila kutaka, akatutafsiria. Miaka arobaini nyuma marehemu mume wake aliliangusha bizimu lile likapata ufa. Akaondoka nalo, akarudi baada ya siku chache akisema amelipeleka kwa fundi bingwa wa mji. Kumbe alilitengeneza mwenyewe, kwa risasi ya betri ya gari.

"Mama anasema amemshukuru yule fundi bingwa kila mwaka," Bwana Idir alisema. "Kila mwaka baba alikuwa anaitikia."

Kisha akauliza kwa niaba ya mama yake kama mama huyu wa Katoro anaweza kulitengeneza upya. Mama alisema anaweza, kwa fedha ileile, lakini hatasema uongo, litakuwa jipya. Bibi Fadma akajibu, na mwanawe akatafsiri, "Mwambie siku niliyovalishwa mimi nalo lilikuwa jipya."

Kazi ile ilimchukua majuma. Kwanza ilibidi aitoe risasi ndani ya fedha, na njia aliyofundishwa na Mzee Masudi ni kuyeyushia kwenye bakuli la majivu ya mifupa, majivu yakanywa risasi na kuacha fedha safi. Alinunua mifupa ya ng'ombe buchani, akaichoma nyuma ya nyumba. Majirani walianza kupita mbali. Mjumbe wetu alikuja kuuliza kwa heshima kama Mama Pantaleo ana tatizo lolote ambalo jamii inaweza kusaidia. Alionyeshwa punje ya fedha iking'aa katikati ya bakuli jeusi, akakaa mpaka jioni kutazama. Mama alichonga kalibu akilitazama bizimu pacha, akamwaga, akaanza nakshi. Alipomaliza hakulipaka masizi ili lifanane na uzee wa mwenzake. Aliyaweka pamoja, moja jeusi kidogo na moja jeupe, akasema ndivyo yalivyo.

Bibi Fadma alipoyaona kwenye simu, alitoa amri: aliyelitengeneza ndiye atakayelibania. Ndipo Mama yetu, akiwa na miaka hamsini na minane, akatafuta pasi ya kusafiria. Alipanda ndege kwa mara ya kwanza akiwa na karanga za Segese na kilo mbili za dagaa, ambazo alisema ni zawadi halali kwa mtu yeyote duniani.

Alikaa Tiznit wiki tano. Alipoona Kiarabu na Kifaransa vyote havimsaidii, aliamua kuongea Kisukuma, na Bibi Fadma akamjibu Kiamazighi chake. Bwana Idir anashuhudia kwamba waliendelea hivyo mpaka mwisho na walikuwa wakicheka sehemu zilezile. Jumamosi tarehe 23 Aprili 2016, chumba kikiwa kimejaa wanawake, Mama alimbania bibi harusi mabizimu mabegani, na Bibi Fadma akawasimulia wote habari ya betri. Siku zilizobaki alishinda kwenye karakana za masonara, akitazama kama alivyotazama kwa Mzee Masudi, na wanawake wa ukoo ule wakamfundisha kuyeyusha unga wa kioo cha kijani na njano juu ya fedha.

Alirudi Katoro akiwa mtu mpya. Aliona wanawake wetu wanavyohangaika na khanga inayoteleza begani, akawatengenezea mabizimu. Umbo ni la Tiznit, lakini juu yake aliweka pembe za ng'ombe, na kila aliyenunua alielezwa waziwazi kipi kimetoka wapi. Akina mama wa WAWATA, chama cha wanawake hapa parokiani, walikuwa wa kwanza. Kisha wakaja maharusi wa Geita na Ushirombo, hata mwanamke mmoja mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu, aliyeuza kidani chake cha dhahabu ili apate jozi. Mwaka 2018 alianzisha kikundi cha wanawake wafua fedha pale kibandani. Mwaka huohuo Bibi Mageni alifariki, na Bibi Fadma, aliyekuwa bado hai, alipiga simu akalia na Mama kwa lugha zao mbili.

Afya ya Mama ilianza kuyumba Oktoba 2023. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Madaktari mjini Mwanza waligundua kwamba moyo umetanuka. Alilazwa mara kadhaa na kuhudumiwa kwa upendo, tunawashukuru wote. Katika kulazwa kwake kwa mwisho aliona hereni ya muuguzi imepinda kikulabu. Alimwomba kibano cha kufungia vidonda. Muuguzi alidhani mgonjwa amechanganyikiwa. Baada ya dakika chache hereni ilikuwa imenyooka, na zamu ya jioni wauguzi wengine wawili walikuja na za kwao.

Alirudi nyumbani Januari mwaka huu, kwa ombi lake. Asubuhi ya Jumanne tarehe 11 Februari 2025 alikunywa uji, akaketi na Baba barazani. Baba alikuwa akimsimulia habari ya mbuzi wa jirani aliyeingia kwenye mazoezi ya kwaya. Mama alicheka, akamwambia asubiri apumzike kidogo, ndipo amalizie. Akafumba macho. Mungu akamchukua hapohapo, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Baba.

Mama ameacha mume, Ignas Maige, watoto Pantaleo, Rhoda na Benjamini, wajukuu saba, wadogo zake Adam na Asteria, wanawake wa kikundi, ambao leo wamefunga karakana kwa mara ya kwanza, na familia ya Bwana Idir, aliyefika jana akitokea Tiznit na yuko nasi hapa.

Baba hakutaka kusimama kuongea. Ameniomba niandike sentensi moja tu kwa niaba yake, nami naisoma kama alivyoisema: "Andika kwamba nilicheka naye miaka arobaini na mitano, na sikuchoka."

Bwana alitupatia Mama huyu kwa furaha, na kwa furaha tunamrudisha mikononi mwake. Ampe pumziko jema, na amani isiyokwisha. Amina.